Sewa Haji Paroo: Tajiri wa Bagamoyo aliyeiacha mali yake mlangoni mwa wagonjwa

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa maradhi na Muumba wa tiba. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, makala ya Ijumaa ya leo inasimulia maisha ya mtu aliyezikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini jina lake bado hutajwa kila siku na watu wanaouguza ndugu zao mjini Dar es Salaam. Kabla ya kumfikia, tuanze safari yetu mbali na pwani, katika kata ya Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida.

Mungaa ni nchi ya alizeti, mtama, uwele na mifugo. Ndani ya kata hiyo ipo Hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa mwaka 1954 na masista wa Kikatoliki wa shirika la Medical Missionaries of Mary. Kwa miaka yote hiyo Waislamu na Wakristo wa Unyaturu wamepita katika milango ile ile, wakazaliwa humo na kutibiwa humo. Kwa hiyo mtu wa Mungaa hawezi kusema kwamba hospitali iko mbali naye. Shida ya wengi huanza baada ya kuonana na daktari.

Tumtazame mzee mkulima ambaye ameambiwa ana shinikizo la damu. Amepimwa, ameshauriwa, ameandikiwa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake. Hana kadi ya bima. Wakati wa mavuno ana fedha mkononi na dawa anainunua. Alizeti ikishauzwa na fedha ikishakwisha, huanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili. Baadaye hukata kidonge nusu. Mwisho huacha kabisa, akijipa moyo kwamba kichwa hakimwumi. Wanawe hawajui lolote mpaka siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili ukapooza. Hali ni hiyo hiyo kwa mama mwenye kisukari, kwa kijana mwenye kifafa na kwa mtoto mwenye pumu. Dawa ipo, imejulikana na imeandikwa, lakini kati ya mgonjwa na dawa hiyo imesimama bei yake.

Mtu mgonjwa kuachwa nyuma si jambo geni katika nchi hiyo. Mwezi wa Januari mwaka 1875 msafara mkubwa wa Henry Morton Stanley, uliokuwa umetoka Bagamoyo mwezi wa Novemba mwaka 1874, ulipita katika nchi ya Warimi, ndio Wanyaturu. Ndani ya siku chache kijana wa Kiingereza aliyeitwa Edward Pocock alifariki kwa homa, akazikwa huko huko. Baada yake, mchukuzi wa barua aliyeitwa Kaif Halleck, ambaye pumu ilikuwa imembana, alishindwa kwenda sawa na wenzake. Alibaki nyuma peke yake na akauawa porini. Msafara ule ulikuwa na marobota ya vitambaa, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Pamoja na mali yote hiyo, mtu mwenye pumu hakupata mahali pa kupumzika wala wa kumhudumia.

Misafara ya namna hiyo ilikuwa ikifungwa mizigo yake Bagamoyo. Na katika mji huo aliishi mfanyabiashara aliyewaona wapagazi wakiondoka wazima na kurudi wagonjwa, mwaka baada ya mwaka. Huyo ndiye Sewa Haji Paroo.

KIJANA WA DUKANI

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Baba yake, Haji Kanji Paroo, alitoka Kutch katika Bara Hindi akavuka bahari kwa jahazi kama walivyofanya wafanyabiashara wengi wa zama zile. Alifungua duka Unguja, kisha akafungua jingine Bagamoyo, bandari iliyotazama visiwani kwa upande mmoja na njia ya bara kwa upande wa pili.

Kijana Sewa aliingia katika biashara ya baba yake akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Miaka hiyo hiyo, mwishoni mwa 1869 na mwanzoni mwa 1870, kipindupindu kiliingia Unguja na pwani na kuua watu kwa maelfu. Hiyo ndiyo dunia aliyoanzia kazi: mji wenye fedha nyingi, meli nyingi na misafara mingi, lakini usio na pa kumlaza maskini anapougua.

Biashara ya Bagamoyo ilikuwa hivi. Wafanyabiashara wa pwani walileta vitambaa kutoka ng'ambo, pamoja na shanga, nyaya na baruti. Bidhaa hizo zilifungwa katika mizigo ya kiasi cha kilo 30, zikawekwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kupelekwa Tabora na kwingineko kwa mwendo wa karibu miezi mitatu. Njia ilikata Ugogo na kupita Mgunda Mkali, pori kavu ambalo leo limo ndani ya mkoa wa Singida, upande wa Manyoni. Misafara ilirudi na pembe za ndovu. Aliyetaka kwenda bara, awe Mwarabu, Mzungu au Mswahili, alihitaji mtu wa kumtafutia wapagazi, kumkopesha bidhaa na kumfungia mizigo. Sewa Haji alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kazi hiyo.

TAJIRI NA HESABU ZAKE

Tusimpambe marehemu kwa sifa zisizo zake. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, aliyemtafutia wapagazi Bagamoyo alikuwa Sewa Haji, wakati huo kijana wa miaka 20. Wawili hao walikwaruzana vibaya. Katika kitabu cha safari hiyo Stanley alimlalamikia kwa uchungu juu ya hesabu na malipo ya wapagazi. Tumesikia upande mmoja tu wa kesi hiyo, na Stanley mwenyewe hakuwa mtu mpole kwa aliofanya nao kazi. Hata hivyo, hatuna sababu ya kudhani kwamba kijana yule wa dukani alikuwa walii.

Mali yake ilipatikana kwa njia iliyokuwa na mawingu yake. Pembe za ndovu zilibebwa na mabega ya watu, na wengi wa watu hao hawakurudi makwao. Bunduki na baruti zilizopita Bagamoyo zilikwenda kumwaga damu huko bara. Biashara ya watumwa ilipita katika njia zile zile. Mfanyabiashara wa mji ule hakuweza kusema kwamba hakuyaona. Dini yetu inafundisha kuwa dhuluma haifutwi kwa sadaka, na kila mtu atasimama na hesabu yake mbele ya Mola wake. Hukumu hiyo tunamwachia Mwenyezi Mungu. Sisi tunaangalia yale aliyoyafanya na mali hiyo alipokuwa bado hai na mwenye uwezo wa kuifanyia lolote alitakalo.

Biashara yake ilikua. Maduka na mawakala wake walienea kuelekea bara. Miongoni mwa vijana waliojifunza kazi mikononi mwake ni Allidina Visram, ambaye baadaye alikuja kuwa tajiri mkubwa wa Uganda na Mombasa. Watawala wa Zanzibar, wasafiri wa Ulaya na baadaye Wajerumani, wote walifanya naye shughuli. Kufikia miaka ya 1880 jina lake lilikuwa likijulikana sana katika misafara mikubwa iliyopita Bagamoyo.

MIAKA YA VITA

Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na wenzake, waliinuka kupinga utawala wa Kampuni ya Kijerumani. Bagamoyo ilipigwa mizinga kutoka baharini, nyumba zikaungua, na watu kwa maelfu wakakimbilia kwenye uwanja wa misheni ya Wakatoliki kutafuta usalama. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Vita ilipotulia, Wajerumani wakawa watawala, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishiwa Dar es Salaam.

Kwa mtu wa biashara huo ulikuwa wakati wa kujificha au kuhama. Sewa Haji hakuhama. Mji aliokulia ulikuwa umejaa majeruhi, wajane na mayatima, na misafara iliendelea kuwatupa wagonjwa wake kwenye vichochoro. Ndui, kuhara damu, homa na vidonda vya miguu viliwamaliza wapagazi. Mpagazi hakuwa na ndugu mjini. Akiwa mzima alikuwa na thamani ya mzigo anaoubeba. Akiugua, hakuna aliyemjua. Waliokuwa na ukoma walikaa pembeni kabisa mwa watu.

KUTOA BILA KUBAGUA

Katika miaka yake ya mwisho Sewa Haji alianza kuitoa mali yake kwa namna ambayo haikuwa imezoeleka pwani. Alitoa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule, na akaweka sharti kwamba watoto wa kila kabila na kila rangi wapokelewe. Shule hiyo ndiyo asili ya Shule ya Msingi Mwambao ya leo. Sharti hilo lilitolewa katika koloni ambamo serikali yenyewe iliwapanga watu kwa rangi zao.

Kisha akageukia wagonjwa. Mwaka 1895 ilijengwa Bagamoyo hospitali iliyobeba jina lake, kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, Waislamu na wasio Waislamu. Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo imekulia juu ya msingi huo. Mjini Dar es Salaam pia alitoa fedha ili ijengwe hospitali ya wenyeji, nayo ikafunguliwa mwaka 1897.

Msomaji apime uzito wa jambo hili kwa kutazama kilichotokea katika mji ule ule na mwaka ule ule. Mwaka 1897 Wajerumani walikamilisha hospitali nzuri ya ufukweni, ile iliyokuja kuitwa Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Hiyo ilijengwa na serikali kwa watu wake. Kwa Mwafrika na Mhindi maskini, mlango uliofunguka ulikuwa ule uliolipiwa na muuza duka wa Bagamoyo.

Jambo jingine linafaa kuzingatiwa na familia za Kiislamu. Sewa Haji alikuwa Mwislamu, lakini alipotafuta mikono ya kuiendesha hospitali ya Bagamoyo baada yake, hakuona aibu kuwategemea mapadri na masista wa misheni ya Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu mwaka 1868 na waliokuwa na uzoefu wa kuuguza. Misheni iliiendesha hospitali hiyo mpaka mwaka 1912, serikali ilipoichukua. Yeye alishika sharti lake, wao wakashika kazi yao, na mgonjwa hakuulizwa anasali wapi.

SIRI YA MAPATO

Ndugu msomaji, kujenga nyumba ni jambo moja na kuifanya nyumba hiyo iendelee kumfaa mgonjwa ni jambo jingine. Wengi wamejenga, wakapigwa makofi, na baada ya miaka michache jengo likabaki kuta. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba duka lisilo na mapato hufungwa. Kwa hiyo hakuishia kwenye matofali. Majengo na viwanja alivyokuwa navyo Bagamoyo na Dar es Salaam alivikabidhi kwa serikali ya wakati huo kwa masharti, kwamba mapato yake yatumike kuwahudumia wagonjwa wasio na uwezo na watu wenye ukoma.

Mpango huo haukupitia kwa kadhi, lakini roho yake ndiyo roho ya wakfu, na Waislamu wanaijua tangu zama za Mtume (S.A.W.). Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi yenye thamani huko Khaybar, Mtume alimwelekeza aizuie asili yake na aitoe sadaka matunda yake. Ardhi ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na mazao yake yakawa haki ya mafukara na wahitaji. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma, Madina, ili maji yasiwe na bei kwa asiye na kitu.

Wafalme wa Kiislamu waliuchukua mfano huo wakauingiza katika tiba. Mjini Damascus, Sultani Nuruddin Zangi alijenga hospitali mwaka 1154. Wanahistoria wanasimulia kwamba amiri mmoja aliyeitwa Qalawun aliugua akiwa Sham, akatibiwa kwa dawa za hospitali hiyo, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga ya kwake. Alipokuwa Sultani wa Misri alitimiza nadhiri hiyo mjini Cairo mwaka 1284. Maduka, mashamba na nyumba za kupangisha ziliwekwa wakfu ili kodi yake ilipe waganga, chakula na dawa. Mgonjwa hakudaiwa kitu, awe mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini.

Hatuwezi kusema kama Sewa Haji alipata kusoma habari za Qalawun. Lakini alitembea katika njia hiyo hiyo. Sultani alitumia kodi za Cairo, naye akatumia kodi za Bagamoyo na Dar es Salaam. Aliyeandikiwa dawa na hana fedha alitafutiwa fedha kabla hajaugua.

BAADA YA KUFA

Sewa Haji alifariki Zanzibar tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Hospitali ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka ule ule wa kifo chake. Biashara ya misafara iliyomtajirisha nayo ilikuwa ikielekea ukingoni, kwa sababu reli ilikuwa njiani kuchukua nafasi ya mabega ya wapagazi. Sehemu kubwa ya shughuli zake za bara ilishikwa na Allidina Visram. Nyumba za biashara za Bagamoyo zilififia moja baada ya nyingine, na mji wenyewe ukapungua.

Hospitali haikufifia. Ilivuka utawala wa Wajerumani ikaingia ule wa Waingereza, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa hospitali ya mwananchi wa kawaida wa Dar es Salaam. Mwaka 1956 ilikuja hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, na baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Leo Hospitali ya Taifa Muhimbili inapoeleza historia yake huanza kuhesabu kutoka mwaka 1897, kutoka hospitali ya Sewa Haji. Ndani yake lipo jengo linaloitwa Sewahaji. Watu kutoka mikoa yote hulazwa humo, na wakiwapigia simu ndugu zao kuwaelekeza wapi wapite, hutaja jina la marehemu bila kujua kwamba wanamtaja mtu.

Kila aliyekaa darasani anaifahamu sadaka yenye kuendelea, ile ambayo thawabu yake haikatiki mtu anapokatikiwa na pumzi. Mfano wake ndio huu. Yaliyomo moyoni mwa mtu anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, lakini sisi tunaona kwa macho kwamba kazi haijakatika.

TURUDI MUNGAA

Tulianza na mzee wa Mungaa anayekata kidonge nusu. Maisha ya Sewa Haji yanatuambia nini juu yake?

Kwanza, yanatuambia kwamba shida ya dawa haitatuliwi kwa mchango wa siku moja. Maradhi kama shinikizo la damu, kisukari, pumu na kifafa hayana msimu. Mchango wa baada ya sala ya Ijumaa ni jambo jema, na aliyetoa ana malipo yake. Lakini dawa ya mwezi huu ikiisha, mwezi ujao unakuja. Mgonjwa wa kila siku anahitaji chanzo cha kila siku.

Pili, chanzo hicho si lazima kiwe ghorofa la tajiri. Sharti la wakfu ni asili kubaki na faida kutoka. Katika nchi ya Unyaturu, mbuzi jike anajua jambo hilo kuliko mwanachuoni. Familia 10 za msikiti mmoja zikitenga kila moja mbuzi jike mmoja, zikakubaliana kwamba mama hauzwi na wale wanaozaliwa ndio huuzwa, tayari lipo duka lisilofungwa. Ekari moja ya alizeti iliyowekwa wakfu ni hivyo hivyo: ardhi inabaki, mbegu inauzwa, fedha inakwenda dirisha la dawa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza kuenezwa mikoani mwaka 2018, ulipangwa kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Kwa kiwango hicho, shilingi 300,000 ziliweza kuzikatia kadi kaya 10. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Taratibu na viwango hubadilika, lakini katika mpango wowote atakuwapo jirani anayeshindwa kulipa mchango wake, na itakuwapo dawa ambayo kadi haikuifikia. Hapo ndipo wakfu wa kijiji unapohitajika. Namna ya kuuandika, na namna zaka ya mazao na mifugo inavyoweza kuwafikia mafukara wanaoistahiki, waulizwe masheikh.

Tatu, Sewa Haji hakusimama njiani akigawa dawa kwa kukisia. Aliweka mali yake mahali penye mganga. Nasi tufanye hivyo. Fedha ya wakfu ilipe dawa iliyoandikwa na daktari, kwenye hospitali, zahanati au duka la dawa muhimu lenye kibali, na risiti ihifadhiwe. Tusimpe mgonjwa vidonge vilivyobaki kwa mgonjwa mwingine kwa sababu tu dalili zinafanana. Na yule anayetumia dawa ya presha au kifafa asiiache kwa sababu amepata nafuu, kwani nafuu hiyo mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe. Dawa ikimwishia kabla ya fedha kupatikana, aseme mapema. Wapo wagonjwa ambao sera ya afya imewawekea msamaha wa malipo, kama vile watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasio na uwezo. Aliyekaa kimya nyumbani hawezi kuupata msamaha huo.

Nne, heshima ya mgonjwa ilindwe. Mzee wetu hakuficha hali yake kwa ujinga. Aliificha kwa sababu ya haya. Mtu aliyelima maisha yake yote na kulisha watoto wake haoni wepesi kusimama mbele ya watu na kusema hana fedha ya vidonge. Asiitwe jina lake msikitini wala asipigwe picha akikabidhiwa dawa. Msimamizi mwaminifu, pamoja na mtu wa dirisha la dawa, wanatosha kuijua siri hiyo. Na wanawe wawe wa mwanzo kuuliza. Kijana uliye Dar es Salaam au Arusha, unapompigia simu baba yako Mungaa, usiishie kuuliza habari za mvua na mifugo. Muulize vidonge vimebaki vingapi.

Tano, tusichague jirani. Mungaa wanaishi Waislamu na Wakristo, na hospitali inayowatibu wote ilijengwa na masista. Sharti la Sewa Haji lilikuwa kwamba mlango uwe wazi kwa watu wote. Haki ya jirani katika Uislamu haikuwekewa mpaka wa dini, na pumu nayo haichagui dini ya mtu.

Ndugu msomaji, misafara ya Bagamoyo imekwisha. Njia ya Mgunda Mkali imefunikwa na nyasi, na pembe zilizobebwa kwa jasho la wapagazi zimetawanyika duniani bila mtu kujua ziliko. Katika mali yote iliyopita mikononi mwa Sewa Haji, iliyobaki na jina lake ni ile aliyoitoa. Kaif Halleck alibaki nyuma ya msafara katika nchi ya Warimi mwaka 1875 kwa sababu pumzi ilimwishia na hapakuwa na wa kumngojea. Leo wapo wagonjwa wa namna hiyo katika vijiji vyetu, na msafara ni sisi. Tupunguze mwendo, tuwangoje.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, awaongoze wenye mali kuitoa wangali hai, na asiufanye ufukara kuwa sababu ya mtu kuikosa dawa yake. Amrehemu Sewa Haji na kila aliyetangulia kwa kheri.

Wabillahi tawfiq.